Jina au Kitenzi? Maneno Yenye Kazi Mbili, kutoka Njia ya Misafara hadi Vibanda vya Simu vya Tabora

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza mwanafunzi wa Kiswahili anapoanza kujifunza Kiingereza ni kwamba maneno mengi ya lugha hiyo hufanya kazi mbili bila kubadili sura, kwa maana kwamba neno lile lile, kwa herufi zile zile na mara nyingi kwa matamshi yale yale, hutaja kitu katika sentensi moja na kutaja tendo katika sentensi inayofuata. Neno "work" ni kazi na tena ni kufanya kazi; "answer" ni jibu na tena ni kujibu; "sleep" ni usingizi na tena ni kulala. Wanaisimu, yaani wataalamu wanaochunguza lugha kama mtaalamu wa mimea anavyochunguza mimea, huliweka jambo hili katika aina ya uundaji wa maneno inayoweza kuitwa unyambulishaji kapa, kwa sababu neno jipya hupatikana kutokana na neno la zamani pasipo kuongezwa kiambishi chochote, na neno "kapa" katika isimu hutumika kwa sehemu ambayo maana yake ipo ilhali umbo lake halionekani wala halisikiki.

Husemwa mara kwa mara, hata darasani, kwamba Kiswahili hakina tabia hiyo, na kwamba lugha hii humwekea jina mlango wake na kitenzi mlango wake. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa, lakini si ukweli wote. Mtu anayetembea katika kata ya Cheyo mjini Tabora, au katika mji wowote wa Tanzania, hukutana na vibanda ambavyo wenyewe hutangaza kwamba wanachaji simu, na mteja anayefika hapo hueleza kwamba simu yake haina chaji. Neno ni moja, kazi ni mbili, na hakuna anayeshindwa kuelewa. Ni vyema basi kuuliza jambo hili limewezekanaje, na ikiwa ni ugeni ulioingia juzi pamoja na simu za mkononi, au kama ni mwenendo wa siku nyingi ambao mji huu, uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19, uliushuhudia mapema.

Inafaa kwanza kuondoa dhana kwamba Kiingereza kilizaliwa hivyo. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kilikuwa lugha ya viishio, na jina lilitengana na kitenzi kwa silabi ya mwisho: upendo uliitwa "lufu" na kupenda kuliitwa "lufian", jibu liliitwa "andswaru" na kujibu kuliitwa "andswarian". Katika karne zilizofuata viishio hivyo vilififia katika matamshi, vikafupishwa, na kufikia karne ya 15 vingi vilikuwa vimeanguka kabisa, hata jina na kitenzi vikabaki na umbo moja. Kilichopotea mwishoni mwa neno kilifidiwa na mpangilio wa maneno na vijineno vinavyotangulia, kama vile "the" mbele ya jina na "to" mbele ya kitenzi. Wazungumzaji walipokwisha kuzoea hali hiyo hawakungoja tena viishio vianguke, bali walianza kwa makusudi kulichukua jina lolote na kulitumia kama kitenzi, na tabia hiyo inaendelea hadi leo kwa kila chombo kipya kinachobuniwa.

Kiswahili kilishika njia nyingine kwa sababu ya ukoo wake. Katika lugha za Kibantu msingi wa neno ni mzizi, yaani kipande kisichoweza kusimama peke yake mpaka kipewe viambishi, ambavyo ni vipande vinavyopachikwa mbele au nyuma yake. Mzizi -lim- haujawa jina wala kitenzi mpaka useme analima, mkulima au kilimo. Mzizi -chez- hutoa cheza, mchezo na mchezaji. Mzizi -pik- hutoa pika, mpishi, mapishi na upishi, na hapo konsonanti yenyewe imebadilika kwa kukutana na irabu i, kama inavyobadilika linda likazaa mlinzi na iba likazaa mwizi. Wakati mwingine tofauti yote hubebwa na irabu ya mwisho pamoja na ngeli, yaani kundi la majina linaloamua upatanisho wa sentensi: soma ni tendo na somo ni kitu, waza na wazo, jenga na jengo, nena na neno, tenda na tendo lenyewe. Utaratibu huu si mali ya Kiswahili peke yake. Kinyamwezi, lugha ya wenyeji wa Tabora, kina ngeli na viambishi vya jamii hiyo hiyo, na pengine hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wapagazi wa Unyamwezi kukibeba Kiswahili kwa wepesi kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, kwa kuwa maneno yalikuwa mageni lakini mifupa ya lugha waliifahamu.

Njia ya misafara yenyewe iliacha jozi moja ya maneno inayoonyesha utaratibu huo kwa uwazi wa kupendeza. Misafara iliyotoka Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo, na kutoka hapo ikagawanyika kuelekea Ujiji upande wa magharibi au Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, ililazimika kuwalipa watemi na wakuu wa nchi ilizopita kwa nguo, shanga au waya wa shaba. Malipo hayo yaliitwa hongo, na kuyatoa kuliitwa kuhonga. Hayakuwa jambo dogo, kwani msafara ulioyakataa ungeweza kuzuiwa maji na chakula, na ugomvi kuhusu nani mwenye haki ya kuitawala njia ulikuwa sehemu ya vita vya Waarabu wa Tabora na mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Misafara ilipokwisha, maneno hayo hayakufa, ila maana yake ilihama kutoka ushuru wa wazi wa njiani hadi malipo ya siri ya kupindisha haki. Jina limebaki na irabu o na kitenzi kimebaki na irabu a, kila moja mahali pake.

Neno safari lina historia tofauti na yenye mafunzo zaidi. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, na hakikuchukua umbo moja bali mawili, jina safari na kitenzi safiri, kwa sababu Kiarabu nacho hutofautisha jina na kitenzi kwa kubadili irabu zilizo kati ya konsonanti. Jozi za namna hii ni nyingi: furaha na furahi, heshima na heshimu, rehema na rehemu, fikra na fikiri, amri na amuru. Katika zama za misafara neno safari halikutaja mwendo tu, bali lilitaja hata kundi la watu waliosafiri pamoja, na mpaka leo hutaja mara au zamu, kama mtu anaposema kwamba safari hii mambo yatakuwa mengine. Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Kazeh, makazi ya Waarabu yaliyokuwa hapo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walisafiri ndani ya msamiati huo kila siku, na Burton, aliyekuwa hodari wa lugha, alilitumia neno safari katika kitabu chake kuhusu nchi za maziwa kilichochapishwa mwaka 1860. Kutoka vitabu vya wasafiri wa namna hiyo, na baadaye kutokana na umaarufu wa safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt ya mwaka 1909 na 1910, neno hilo lilienea katika Kiingereza.

Kilichofuata ndicho kinacholihusu somo hili moja kwa moja. Kiingereza kilichukua jina peke yake na kukiacha kitenzi safiri, kisha, kwa mazoea yake yaliyoelezwa hapo juu, kikaligeuza jina hilo kuwa kitenzi bila kuligusa, kiasi kwamba kamusi za Kiingereza hurekodi "safari" kwa matumizi yote mawili. Jambo ambalo Kiswahili hulitenga kwa irabu moja, Kiingereza kimelifunga katika umbo moja. Hakuna lugha iliyoikosea nyingine heshima hapo. Kila moja ililipokea neno kwa desturi za nyumba yake.

Hata hivyo Kiswahili hakikuwa mara zote mwangalifu kama kilivyokuwa kwa safari na safiri. Katika maneno yale yale yaliyotoka Kiarabu yako mengi yaliyofanya kazi mbili tangu zamani, kabla Mwingereza yeyote hajaonekana Unyanyembe. Hesabu ni jina, na kuhesabu ni kitenzi chenye umbo hilo hilo; hukumu hutolewa na hakimu ambaye ndiye anayehukumu; dharau huonyeshwa na mtu anayedharau; dai huwasilishwa na mtu anayedai. Neno jibu linafaa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu jina lililofika kutoka Kiarabu ni jawabu, na jibu lilikuwa kitenzi. Lakini wazungumzaji walikichukua kitenzi hicho, wakakiweka katika ngeli ya majina yenye wingi wa ma-, wakapata jibu na majibu, na leo jina hilo jipya linasikika zaidi kuliko jawabu lenyewe. Hapo Kiswahili kilitenda kile kile kinachodhaniwa kuwa cha Kiingereza, nacho kilikitenda chenyewe, bila kufundishwa na mtu. Kodi nayo ni malipo ya nyumba au ya serikali, na kukodi ni kupata matumizi ya kitu kwa malipo, na anayesema amekodi bodaboda hafikirii hata kidogo kwamba amegeuza jina kuwa kitenzi.

Kwa nini maneno haya yaliweza kufanya hivyo ilhali soma na somo hayawezi? Sababu imo katika irabu ya mwisho, na ndiyo kiini cha suala zima. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia kwa irabu a, na irabu hiyo si sehemu ya mzizi bali ni kiambishi chenye kazi, ndiyo maana hubadilika: anasoma, hasomi, asome. Irabu hiyo ndiyo muhuri unaotangaza kwamba neno ni kitenzi, na likitakiwa kuwa jina kwa kawaida hulazimika kubadilisha muhuri. Kitenzi cha mkopo hakina muhuri huo. Irabu yake ya mwisho, iwe i, e au u, ni sehemu ya neno lenyewe na haibadiliki: anajibu, hajibu, ajibu, anasafiri, hasafiri, asafiri. Kwa kuwa hakuna chochote mwishoni mwa jibu, hesabu au kodi kinachosema "hili ni tendo", hakuna pia kinachozuia umbo hilo hilo lisisimame kama jina, na mlango ambao Kibantu kiliufunga ukabaki wazi kwa wageni.

Maneno ya Kiingereza yalipoanza kuingia kwa wingi yaliukuta mlango huo uko wazi. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baada ya utawala wa Kijerumani kuondolewa mjini humo na majeshi ya Kibelgiji mwezi Septemba 1916, nchi hatimaye iliwekwa chini ya Waingereza, ambao lugha yao ikawa lugha ya ofisi, ya shule za juu na ya karakana. Kutokana na ofisi Kiswahili kilipata ripoti na kuripoti, na kikapata saini na kusaini. Neno hili la mwisho ni ushahidi mzito, kwa sababu Kiingereza chenyewe hutumia neno "sign" kwa tendo la kutia mkono, ila alama ya mkono inayobaki kwenye karatasi huitwa kwa neno jingine refu, "signature". Kiswahili kilichukua kitenzi tu, kikakifanya kuwa jina, na leo saini ni tendo na ni alama kwa pamoja. Hivyo kazi mbili za saini hazikuagizwa kutoka Uingereza pamoja na neno; zilitengenezwa hapa.

Mfano mwingine hutoka nyumbani badala ya ofisini. Deki katika Kiingereza ni sakafu ya meli, ambayo mabaharia huiosha kila siku kwa maji na tambara, na katika Kiswahili jina hilo la mahali liligeuka kuwa jina la kazi inayofanyika mahali hapo, watu wakasema kupiga deki, kisha wakafupisha wakasema kudeki. Leo sakafu za Cheyo, katika mji ulio zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka bandari ya Dar es Salaam, hudekiwa na watu ambao wengine hawajawahi kukanyaga meli ya baharini, na neno lililokuwa jina la mbao za chomboni limekuwa kitenzi kamili cha usafi wa nyumba.

Njia ya kupiga deki inastahili kutazamwa, kwa kuwa ndiyo njia ya tatu ya Kiswahili, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo iliyo nzuri kuliko zote. Badala ya kuligeuza jina kuwa kitenzi, lugha huliacha likiwa jina na kulipa kitenzi cha kulibeba, na mbebaji mkuu ni piga, ambacho katika matumizi hayo hakina tena maana ya kugonga au kuadhibu. Wasafiri wa karne ya 19 walipiga kambi jioni. Watu wa leo hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga chapa na hupiga mswaki. Tabora ina kumbukumbu yake ya kitaifa katika orodha hii, kwa kuwa mkutano mkuu wa chama cha TANU uliofanyika hapo mwezi Januari 1958 ulijadili kama chama kishiriki uchaguzi ambao sharti lake lilikuwa kila mpiga kura apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia, na uamuzi wa kushiriki, ambao Julius Nyerere aliutetea, ukaingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Kura ni neno la Kiarabu, limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu mno, na bado halijawa kitenzi. Hakuna asemaye kukura kwa maana hiyo, kwa sababu piga linatosha.

Kwa nini basi simu, kura na picha zimepata mbebaji, na saini, ripoti na chaji zimepewa ku- moja kwa moja? Tofauti inaelekea kutokana na jinsi neno lilivyoingia. Kile kilichopokelewa kwanza kama kitu, kinachoonekana na kushikwa, hubaki jina na huhitaji piga. Kile kilichopokelewa kama tendo huwa kitenzi, na jina lake huja baadaye likiwa zao la tendo hilo. Mpaka huu hauna ukuta, kama kudeki kunavyoshuhudia, lakini unaeleza mengi.

Iko pia njia ya nne, ya kukitengeneza kitenzi kutokana na jina au sifa kwa kuongeza kiambishi cha kusababisha, na hii ndiyo iliyotumiwa zaidi na dola. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 neno taifa lilizaa kutaifisha. Miaka ya soko huria ilizaa kubinafsisha kutokana na binafsi. Rasmi ilizaa kurasimisha. Na kila kitenzi kati ya hivi kilizaa tena jina lake, utaifishaji, ubinafsishaji na urasimishaji. Hakuna unyambulishaji kapa hapo. Kila hatua ina kiambishi chake, na msikilizaji anaweza kuifuata njia yote kutoka jina la kwanza hadi jina la mwisho.

Maneno ya simu na intaneti yamefuata njia ya saini kuliko njia ya taifisha. Chaji ni umeme uliomo ndani ya betri, na kuchaji ni kuutia. Posti ni kile kilichobandikwa mtandaoni, na kuposti ni kukibandika. Anayeyaona maneno haya kuwa dalili ya kuharibika kwa lugha afikirie kwanza yanavyotendwa na sarufi. Chaji likiwa jina huingia katika ngeli ya i-/zi- na kudai upatanisho wake wote, kwa hiyo husemwa chaji yake imekwisha na si vinginevyo. Likiwa kitenzi hupokea viambishi vya nafsi na vya wakati mbele, anachaji, walichaji, hatachaji, na hupokea minyambuliko nyuma, yaani viendelezo vinavyobadili maana ya tendo: simu imechajiwa, mwenye kibanda amechajia wateja wake, mkataba umesainiwa, tukio limeripotiwa. Neno linaloweza kuchukua mzigo wote huo limekwisha kuwa la Kiswahili, lolote liwalo asili yake.

Hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya lugha hizi mbili inapoonekana, na si pale inapotafutwa kwa kawaida. Kiingereza pia kina vitambulisho vya jina na kitenzi, ila huviandika kama maneno yanayojitegemea, kwa hiyo neno lenyewe huonekana tupu. Kiswahili hupachika vitambulisho vyake katika neno, kwa hiyo neno huonekana limevaa. Umbo tupu la Kiswahili huonekana mahali pachache tu. Mahali pa kwanza ni katika kamusi, kwa sababu kamusi za Kiswahili huorodhesha vitenzi bila ku-, na ndiyo maana mtu anayefungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, hukuta jina na kitenzi vikifanana na hulazimika kutazama vifupisho nm na kt ili ajue lipi ni lipi. Mahali pa pili ni katika amri kwa mtu mmoja. Fomu inayosema "Saini hapa" yaweza kuwa inamwamuru mtu atie saini, na yaweza kuwa inataja tu mahali pa saini. Karatasi ya mtihani yenye neno "Jibu" yaweza kuwa inaagiza au inaonyesha nafasi ya kuandikia. Amri ikielekezwa kwa wengi, utata hupungua, kwa sababu jibuni husomeka kwanza kama amri.

Kiswahili kina hata umbo lake la asili lililo jina na kitenzi kwa wakati mmoja, nalo ni kitenzi-jina chenye ku-. Katika sentensi "kusoma vitabu kwake kunawafurahisha wazazi", neno kusoma lina vitabu kama yambwa, yaani kitu kinachotendewa, jambo ambalo ni la kitenzi, na papo hapo linadai upatanisho wa kwake na kunawafurahisha, jambo ambalo ni la jina. Hata neno kata, ambalo Cheyo ni mojawapo katika Manispaa ya Tabora, lina umbo lile lile la kitenzi cha kukata, na kata nyingine ya manispaa hiyo, Tambukareli, inaonekana kupata jina kutokana na kitenzi tambuka, kama amri ya kuvuka reli, na leo tendo hilo ni mahali penye wakazi na ofisi. Kwa hiyo tabia ya neno moja kufanya kazi mbili haikuletwa na wageni peke yao, ingawa wageni waliipanua sana.

Pamoja na hayo, haifuati kwamba kila neno la Kiingereza likipachikwa ku- limehalalishwa. Anayesema amechaji simu ametumia neno ambalo halikuwa na mwenzake, kwa maana kitendo chenyewe ni kipya. Anayesema ameaplai kazi amekiacha kitenzi omba, kilicho kifupi, kinachonyambulika vizuri na kilicho na majina yake tayari, ombi, maombi na mwombaji; na anayesema anamsapoti ndugu yake ameiacha kauli ya kuunga mkono, ambayo ina picha ndani yake. Hasara ya matumizi ya namna hiyo si kwamba yanachanganya lugha, kwani Kiswahili kimechanganyika tangu kuzaliwa kwake, bali ni kwamba yanauacha mti mzima wa maneno ya ukoo mmoja na kushika jani moja lisilo na shina. Omba huzaa watu, vitu na hali; aplai halijazaa mwombaji wake.

Walimu wa Kiswahili, wahariri wa magazeti na watunga kamusi ndio wenye uamuzi wa kila siku katika jambo hili, na inafaa waubadilishe mzani wanaoutumia. Mwanafunzi anapoandika kwamba betri imechajiwa, swali la kwanza lisiwe neno limetoka wapi, bali liwe kama upatanisho wake ni sahihi, kama mnyambuliko wake unafuata sarufi, na kama Kiswahili hakikuwa na neno jingine lenye uwezo zaidi kwa kazi hiyo. Akifaulu maswali hayo matatu apewe alama zake zote.